Helmeti ya Kufunua Kidevu

Baba yangu hapandi basi. Anasema mabasi yanamtapisha, na kwamba mtu wa umri wake hapaswi kufika kwa watu akiwa amejichafua kifuani kama mtoto mchanga. Kwa hiyo mimi na kaka zangu wawili tulipoamua kwamba ahame Kibimba, kijijini kwetu Ngara, aje kukaa nami Biharamulo mjini, hatukubishana kuhusu chumba wala chakula. Tulibishana kuhusu atafikaje. Mwenyewe akaumaliza ubishi: atakuja kwa pikipiki, kama alivyosafiri maisha yake yote, ila safari hii atakaa nyuma na mimi nitaendesha.

Mimi ni afisa ugani. Wakulima wananiita bwana shamba, ingawa wananiona nilivyo mwanamke na hereni zangu masikioni, nami nimeshachoka kuwasahihisha. Pikipiki ndiyo ofisi yangu. Nimeendesha kwenye vumbi, kwenye tope, na kwenye ule ukungu wa asubuhi wa Ngara unaolowesha kope. Kumbeba mzee wa miaka sabini na minane hakukunitisha. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa na helmeti moja tu, ya nusu, imechubuka pande zote, na mkanda wake nilikuwa nimeufunga kwa uzi wa viatu.

Tulikuwa na sababu ya kumhamisha. Mama alishatangulia mbele ya haki. Wakati wa mvua baba aliteleza uani na ndoo ya maji, akalala pale pale kwenye tope mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Kaka zangu, ambao mmoja yuko Mwanza na mwingine Dodoma, na ambao hupenda kuamua mambo kwa simu, walisema hapana, haiwezekani, mzee hawezi kukaa peke yake. Mimi niliye karibu nikapewa kazi ya kumwambia. Nilimwambia tukiwa tunamenya ndizi. Akakata kichwa cha ndizi, akalitupa ganda, akasema, "Haya."

"Haya" ya baba ina maana nyingi. Sisi tulichagua ile tuliyoitaka.

Basi nikaanza kutafuta helmeti mbili. Ningeweza kununua zile za nusu wanazovaa bodaboda wote, tukaondoka siku hiyo hiyo. Lakini nilikuwa nimeona kwa mtaalamu mmoja wa mradi aliyetutembelea helmeti yenye spika masikioni na kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo, vimejengewa humo humo ndani. Yeye na mwenzake walikuwa wanaongea njia nzima, kila mtu kwenye pikipiki yake, kama watu waliokaa kwenye kochi. Niliwaonea wivu wa waziwazi. Safari kutoka Kibimba hadi Biharamulo ni ndefu, na nilitaka tuongee. Niseme ukweli: nilitaka kusikia. Kuna njia nzima ya maneno ya baba yangu ambayo upepo uliniibia.

Nilipokuwa msichana nilisoma sekondari ya bweni Biharamulo. Baba alikuwa karani wa kupima kahawa katika chama cha ushirika, na chama kilikuwa kimempa pikipiki, ya kwanza kijijini kwetu ambayo haikuwa ya padri. Kila shule ilipofunguliwa alinipeleka yeye. Sanduku langu la bati lilifungwa nyuma kwa mpira, mimi katikati, yeye mbele. Helmeti ilikuwa moja, nyeupe, ya mviringo kama yai la bata, nayo kwetu haikuitwa helmeti. Iliitwa eremeti. Alinivisha mimi. Kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kidogo, mama alikunja kipande cha kitenge akakishindilia ndani kuzunguka masikio, mpaka kikakaza kama kizibo cha chupa. Baba aliendesha kichwa wazi, macho yakimtoka machozi kwa upepo.

Humo ndani sikusikia kitu. Nilisikia damu yangu mwenyewe, na mbali sana mlio wa injini. Lakini baba alikuwa msemaji. Alinitajia vilima, alinitajia watu na mashamba yao, nani kalima vizuri na nani kaachia magugu. Nilijua anaongea kwa sababu mgongo wake ulitetemeka chini ya mikono yangu. Kila ulipotulia nilipaza sauti, "Ndiyo, baba!" Kwetu mtoto hamwambii baba yake "unasemaje?" Mtoto anaitika kwanza, maana ataitafuta baadaye.

Kulikuwa na mahali pamoja hasa. Ukishatoka Kasulo ukaelekea Nyakahura, barabara inapanda kidogo halafu inakunja. Kabla ya kukunja, ukigeuza shingo, unaiona milima ya Ngara nyuma yako kwa mara ya mwisho. Ukishapita hapo ni pori, na nchi inalala tambarare. Pale kwenye kona, kila muhula, mgongo wa baba ulinyamaza kwa muda mrefu, halafu ukatetemeka kwa sentensi moja fupi, halafu ukasubiri. Nami nikaitika, "Ndiyo, baba!" Akakunja kona, tukaenda zetu.

Miaka minne ya shule. Hakukosa hata safari moja, na sikusikia hata neno moja.

Nilikuwa nimeamua moyoni alichokuwa anasema. Ni baba gani anayempeleka binti yake shule atasema jambo jingine? Nilipomaliza chuo cha kilimo na kufanyiwa sherehe pale nyumbani, nilisimama mbele ya watu nikasema kwa sauti ya kanisani, "Baba yangu, kila tulipofika kwenye ile kona, aliniambia nisome kwa bidii." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Baba akanitazama, akakohoa, akaomba apewe maji. Nilidhani ameguswa.

Nilipokwenda Kibimba kuchukua kipimo cha kichwa chake sikuwa na futi ya fundi cherehani. Nikachuna kamba ya mgomba mkavu, nikaizungusha juu ya nyusi zake hadi kisogoni, nikafunga fundo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametulia kama ng'ombe anayetolewa kupe.

"Unanipimia jeneza?" akauliza.

"Jeneza halipimwi kichwani, baba."

"Sijui. Mambo yenu ya siku hizi mnayaanzia popote."

Nikacheka. Sasa nikikumbuka nadhani hakuwa anatania sana.

Duka lenyewe liko Biharamulo mjini, la mwanamke mmoja wa makamo ambaye babu yake alitoka pwani kuja huku kufanya biashara. Anajifunga ushungi, anauza vipuri vya pikipiki kati ya mapipa ya tende na mafuta ya nazi, na Kiswahili chake kinatiririka. Chetu sisi tuliojifunzia Kiswahili darasani kinakwama kwenye ile "l" na "r", naye hakosi nafasi ya kunichokoza.

"Karibu, dada. Leo umekuja kutafuta heremeti au helmeti?"

"Vyovyote, dada, bora iingie kichwani."

"Hewallah! Hapo umenena."

Akanishushia za rafu ya juu, zikiwa bado ndani ya nailoni. Mwanawe alizileta kutoka Dar es Salaam akidhani vijana wa bodaboda watazigombania. Vijana walikuja, wakazishika, wakauliza bei, wakazirudisha kwa mikono miwili. Zilikuwepo za aina mbili zenye spika na kipaza sauti. Ya kwanza ilikuwa ya kuziba uso wote, nyeusi, nyepesi, nzuri mno. Ya pili ilikuwa ya kufunua: ina kitufe chekundu chini ya kidevu, ukikibonyeza sehemu yote ya mbele inapanda juu ya kichwa, uso unabaki wazi. Hii ilikuwa nzito kidogo, na bei yake nisiiseme.

Macho yangu yalikwenda kwenye ile nyeusi. Nilifikiria shingo ya mzee. Gramu zile za ziada kwa saa tatu si mchezo. Tena ile bawaba ya kufunua ilinipa wasiwasi. Kitu chenye bawaba ni kitu cha kuharibika, hilo amenifundisha kila mkulima mwenye banda la kuku.

Mwenye duka akaniacha niigeuzegeuze, kisha akauliza swali moja. "Huyo mzee wako anasalimia watu njiani?"

Nikaiweka ile nyeusi chini.

Baba yangu hampiti mtu. Enzi zake aliona ni aibu kubwa kumtimulia mtu vumbi bila kumpa salamu. Alipunguza mwendo kwa kila mzee, akazima injini kabisa kwa bibi vizee, akasalimia, akaulizia mifugo, akapiga kiki upya. Tulikuwa tunafika shuleni geti linafungwa. Halafu ikaja ile miaka ya majambazi, magari yakawa yanavuka pori kwa msafara na askari mbele, na uso uliofunikwa ukawa na maana moja tu. Binamu yangu mmoja alirudi kutoka mjini na helmeti ya kuziba, akaingia nayo mpaka uani kwa shangazi yake bila kuivua. Shangazi akapiga yowe, akamrushia mwichi wa kutwangia. Kijiji kizima kilikuja na mapanga. Binamu alipovua ile helmeti alikuwa analia, na shangazi hajamsamehe mpaka leo. Anasema mtu mwema haingii kwa watu akiwa hana uso. Sasa mimi nimpitishe baba Kibimba, Bugarama na Kasulo, kwa watu waliomjua tangu akiwa na mizani ya kahawa, akiwa hana uso?

"Nipe ya kufunua," nikasema. "Mbili."

"Subiri, usinunue kwa macho. Helmeti hununuliwa kwa kichwa," akasema, na hapo nikajua mtu huyu anaijua kazi yake. Akanivisha yangu, akanifunga mkanda, akaniambia nitikise kichwa kama ninayemkatalia mchumba. Ikicheza, ni kubwa. Mashavu yabanwe kidogo, yawe kama ya mtoto anayepulizia moto, lakini paji la uso lisiume. Akanikalisha nayo hivyo hivyo wakati anamhudumia mteja mwingine wa oili. Baada ya kitambo nikahisi doa linawaka juu ya nyusi. Akanibadilishia. Ya pili haikuuma popote. Akanionyesha sponji za ndani zinavyotoka zikafuliwa, akanionyesha kioo cheusi cha jua kinachoshuka ndani, akanionya kwa kidole kwamba kidevu hufunuliwa ukiwa umesimama. "Ukienda nayo imefunuliwa ukaanguka, hicho kidevu kinageuka mkono wa kukuvunja shingo. Salamu zisikuue."

Kwa ya baba nilitoa ile kamba ya mgomba yenye fundo. Akaitazama, nikatazamia nitachekwa. Hakucheka. Akachukua futi yake, akainyoosha kamba juu ya kaunta, akasoma. "Kumbe ana kichwa kidogo," akasema kwa upole. "Wazee hupungua hata kichwani." Maneno yale yaliniuma kuliko alivyokusudia. Kwenye kumbukumbu yangu, kile kichwa kilichokwenda wazi kwenye upepo kilikuwa kikubwa mno.

Tulizijaribu Kibimba, siku mbili kabla ya safari. Nilizioanisha mpaka taa ndogo za buluu zikakubaliana, nikamfunga baba yake, nikamwacha barazani, nikaenda kusimama nyuma ya jiko kwenye migomba.

"Baba, unanisikia?"

Mkwaruzo. Halafu pumzi. Halafu sauti yake, karibu kuliko nilivyowahi kuisikia maishani, ikiwa katikati ya kichwa changu: "Haroo? Nani anaongea ndani ya eremeti yangu?"

"Ni mimi, baba."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya jiko."

"Basi ondoka kwenye huo mgomba, unaukanyaga mtoto wake."

Nilitazama chini. Kweli, nilikuwa nimekanyaga chipukizi. Nilisimama pale nikicheka na machozi yananitoka, kwa sababu kila mkunjo wa sauti ile ulikuja mzima, pamoja na kikohozi na kule kumeza mate. Nilijiambia: safari hii sitapoteza kitu.

Siku ya kuondoka majirani walikuja kuaga. Godoro lake na sanduku vilikuwa vimeshatangulia na lori la ndizi. Baba alivaa koti lake la kanisani, akazunguka nyumba mara moja peke yake, akagusa ukuta wa jiko kama mtu anayeangalia kama rangi imekauka. Halafu akaja, akainamisha kichwa nimvishe. Alikuwa ameshakizoea vizuri sana kile kitufe chekundu. Tulipofika mtaa wa kwanza tu alinigonga begani, nikasimama, akabonyeza, kidevu kikapanda, uso wake ukatokea kama mtu anayechungulia dirishani, akawasalimia watu kwa Kihangaza, lugha yetu, akaulizia mifugo. Watoto walimwamkia shikamoo kwa kelele, wakataka afunue tena. Akafunua tena. Nilianza kuhesabu vituo nikaacha.

Na aliongea! Mungu wangu, alivyoongea. Njia nzima ya kushuka kutoka Ngara mjini alinipa yote niliyoyakosa. Kumbe kile kilima chenye jiwe la kama meza ndipo mama alipokataa posa yake mara ya kwanza. Kumbe yule mzee wa shamba la kahawa safi alikuwa anaweka mawe kwenye magunia, na baba alijua, na alimwacha kwa sababu mke wake alikuwa mgonjwa. Aliniuliza kuhusu mnyauko wa migomba, nikamjibu kitaalamu, akasema, "Hayo umeyasoma. Sasa nikuambie ninayoyaona," akaniambia. Niliendesha huku natabasamu peke yangu ndani ya ile helmeti. Nilikuwa na furaha ya mtoto, na kwa sababu ya furaha ile sikujiuliza ninampeleka wapi.

Kasulo tulikunywa chai. Alitafuna andazi nusu, nusu akaifunga kwenye leso. Tulipoondoka hakusema kitu. Nilidhani betri imekwisha. Nikaitazama helmeti yake kwenye kioo cha pembeni, taa ilikuwa inawaka. Nilimsikia anapumua tu. Barabara ikaanza kupanda.

"Mwana wanje," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, mwanangu. Halafu akaacha Kihangaza, akahamia Kiswahili, kile cha ofisini, cha kusoma risiti za kahawa mbele ya wakulima. "Nikizeeka, usinihamishe. Nataka nirare kwangu, kwenye migomba yangu. Umesikia?"

Kinywa changu kilichozoea kikajibu kabla yangu. "Ndiyo, baba."

Maneno yenyewe yalinifikia baadaye kidogo, kwenye kona yenyewe. Alisema "nikizeeka". Ana miaka sabini na minane, hana meno ya nyuma, na alisema nikizeeka, kwa sababu ndivyo sentensi ilivyokuwa tangu mwanzo na hakuwa amebadilisha hata neno. Nikashika breki. Nikasogea pembeni, nikazima injini, nikafunua kidevu.

"Umesimama," akasema masikioni mwangu. "Hapa hatusimamagi."

Nikashuka, nikamsaidia kushuka, nikamfunulia na yeye. Tukatazamana kwa nyuso zetu mbili zilizotoka jasho.

"Baba, hicho ndicho ulichokuwa unaniambia? Siku zote zile?"

"Ndiyo."

"Mimi sikuwa nasikia. Nilikuwa naitika tu."

"Nilijua," akasema. "Kichwa chako chote kilikuwa ndani ya eremeti, na kitenge cha mama yako. Ungesikiaje? Ndiyo maana nilikuwa narudia."

Niliona aibu kiasi kwamba nikapata hasira. Hasira zangu huja hivyo, mlango wa nyuma. Nikamuuliza kwa nini hakusimamisha pikipiki akanivua lile likofia akaniambia kama mtu. Kwa nini kwa Kiswahili? Kwa nini mimi, mtoto wa shule, na si kaka zangu wakubwa?

Akakaa kwenye nyasi kwanza. Akanieleza taratibu. Baba yake, babu yangu, alihamishwa kutoka Kibimba na mwanawe mmoja aliyekuwa na kazi nzuri mjini. Pale kwenye kona aliomba ashushwe, akageuka, akaitazama milima, akapanda tena. Hakuirudia. Alizikwa mjini, kwenye makaburi ya watu asiowajua, na migomba yake ikagawanywa yeye hayupo. "Ningesimama hapa ningelia mbele yako," akasema, "na wewe ulikuwa unakwenda kusoma. Kiswahili, ni kwa sababu jambo lenyewe nilitaka liwe rasmi. Na wewe, ni kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unakwenda shule. Wanaosoma ndio wanaohamisha wazee."

Nililia pale barabarani, bibi shamba mzima, na lori moja likatupigia honi.

"Lakini nani atakuchotea maji?" nikamuuliza baadaye, pua imeziba. "Ukianguka tena je?"

"Hiro ndiro swali mlipaswa kuniuliza mimi. Mkaulizana kwa simu."

"Nakuuliza sasa."

Akafungua leso, akatoa ile nusu ya andazi, akaikata akanipa kipande. Akaangalia pikipiki yangu kwa muda, matairi, mnyororo, kama anayetaka kuinunua. "Kama razima mtu ahame," akasema, "hama wewe. Wewe ndiye mwenye pikipiki."

Nilifungua kinywa nimjibu kwamba kazi ya serikali si mbuzi wa kufungua kamba na kuhamisha. Kisha nikakumbuka kwamba Ngara nako kuna mashamba, na wakulima, na mnyauko. Barua ya kuomba uhamisho niliianza kichwani hapo hapo, nikiwa na andazi mdomoni. Kaka zangu wangekasirika. Wangekasirika kwa simu. Godoro lilikuwa limeshafika Biharamulo, lingenisubiri.

Nikasimama mbele yake, nikamshika mikono yote miwili. Nilitaka kuitika kama nilivyoitika tangu utoto, nikaona neno lile limechakaa, nimelitumia sana bila kujua ninachokubali.

"Nimesikia, baba," nikasema.

Akanitazama kwanza, kama anayesoma mizani. Halafu akatikisa kichwa kukubali, akainama nimfunge mkanda. Nikageuza pikipiki. Milima ya Ngara ikawa mbele yetu, yote, na nikaongeza mwendo kidogo kwa sababu moyo ulikuwa mwepesi. Hatukuwa tumekwenda mbali nikasikia kikohozi chake, halafu ile sauti katikati ya kichwa changu.

"Punguza. Umewapita wamama wawiri na kuni zao, hukuwasarimia."

Nikapunguza, nikasimama, nikafunua kidevu.